Mbona Umechoka? Mwongozo wa Kuusoma Uso na Kuurudishia Nuru, kwa Sisi Tunaoishi Dodoma

“Mbona leo umechoka hivyo? Unaumwa?” Ukiishi Dodoma utaulizwa swali hili, na mara nyingi utaulizwa siku ambayo umelala vizuri, umekunywa chai yako, na huna hata mafua. Unajibu kwamba ni kazi tu, halafu unatafuta kioo. Swali linauma kwa sababu huna jibu lake.

Mimi ni mpambaji wa maharusi. Kazi yangu ni kukaa karibu kabisa na uso wa mtu, asubuhi na mapema, kwenye mwanga wa dirisha, kabla hajapakwa chochote. Nyuso hizo zimenifundisha kwamba kila uso unaoonekana umechoka una chanzo chake, na vyanzo havifanani. Kuna uso unaodaiwa usingizi. Kuna uliojaa vumbi, kuna uliokauka, kuna uliopungukiwa damu, na kuna uso ulioumbwa hivyo ambao hauna tatizo lolote. Dawa ya huyu haimsaidii yule. Mwenye upungufu wa damu akinunua krimu ya macho ya bei mbaya, hela imekwenda na damu iko palepale.

Kwa hiyo tunaanza kwa kusoma. Kutibu kunafuata.

Hatua ya kwanza: kaa dirishani

Chagua asubuhi isiyo na haraka, kama saa tatu hivi. Nawa uso, toa hata wanja wa jana, usipake kitu. Kaa ukilitazama dirisha, kioo kikiwa usawa wa macho. Usijitazame chini ya taa ya dari wala nje saa sita mchana. Mwanga unaotoka juu hutupa kivuli chini ya nyusi na chini ya macho, na chini ya mwanga huo hata mtoto wa miaka kumi ataonekana hajalala. Wengi wanaojiona wamezeeka kwenye picha za simu walisimama chini ya taa. Piga picha moja hapo dirishani, uitunze, tutairudia.

Sasa tazama mahali sita, pamoja baada ya pengine: kope za juu, chini ya macho, weupe wa jicho, ndani ya kope ya chini ukiivuta kidogo kwa kidole, ngozi ya mashavu, na pembe za mdomo. Sehemu kubwa ya orodha hii imepimwa na watu. Watafiti wa Stockholm, Sweden, waliwapiga watu picha baada ya kulala vizuri na tena baada ya kukesha, kisha wakazionyesha kwa wengine wasiojua nani kalala na nani hakulala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mengine mwaka 2013. Wale watazamaji walitambua. Walichokiona ni kope zilizoshuka, macho mekundu na yaliyovimba, weusi chini ya macho, ngozi iliyofifia, mistari midogo, na pembe za mdomo zilizoshuka. Karibu vyote vimezunguka macho, mahali ambapo ngozi ni nyembamba kuliko kwingine kote usoni.

Weusi chini ya macho ndio unaoniletea watu wengi, na ndio usioeleweka. Ujaribu hivi. Vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni. Weusi ukibaki na kusogea pamoja na ngozi, hiyo ni rangi ya ngozi yenyewe. Inua uso kuelekea dirishani. Weusi ukipotea, kilikuwa kivuli cha bonde lililo kati ya jicho na shavu. Ukiona zambarau inayozidi kukolea ngozi inapovutwa, hasa kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde, ni mishipa ya damu inayoonekana kwa ndani. Kisha tafuta picha ya mama yako au shangazi yako akiwa na umri wako. Kama naye anao, umerithi. Kwa watu weusi jambo hili ni la kawaida sana, na hakuna usingizi utakaoufuta. Ukishajua hivyo, nusu ya mzigo imeshuka.

Hatua ya pili: lipa deni la usingizi

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku. Tangu serikali ilipohamia huku, maisha ya mji yamebadilika. Unaishi Nkuhungu na ofisi iko Mtumba, au familia iko Dar es Salaam: Ijumaa jioni uko kwenye treni, Jumapili usiku unarudi, na Jumatatu uso unasimulia yote. Ukiwa mama wa kichanga au dereva wa bodaboda wa usiku, hilo deni ni kubwa zaidi.

Piga hesabu kuanzia saa ya kuamka, urudi nyuma. Ukilazimika kuamka saa kumi na moja alfajiri, saa nne usiku uwe umeshalala, siyo unazima taarifa ya habari. Basi saa tatu unusu simu iwe mbali na mto. Nasema mbali nikimaanisha juu ya kabati au chumba kingine, maana simu iliyo chini ya mto hushikwa. Saa ya kuamka isibadilike sana hata Jumapili. Mwili hulifuata jua na mazoea, na anayelala mpaka saa nne siku ya mapumziko hujikuta usiku macho makavu.

Kahawa na chai nyeusi zina kafeini inayofukuza usingizi, na nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha kahawa cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile, na sukari juu yake. Pombe nayo inadanganya: unasinzia haraka, halafu saa tisa usiku uko macho, koo limekauka, na asubuhi uso umevimba. Mvinyo wetu wa zabibu ni mzuri, lakini ukiunywa usiku sana utauona machoni kesho yake.

Kama wewe ni mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku, vaa miwani ya jua ukirudi nyumbani asubuhi ili mwanga usiuambie mwili kwamba siku imeanza. Ziba dirisha kwa blanketi zito, na waombe wa nyumbani walichukulie hilo kama usiku wako. Mama wa kichanga, lala mtoto anapolala, vyombo vitasubiri. Kama kuna bibi au dada nyumbani, mkabidhi mtoto kwa saa mbili bila kuona haya. Usingizi wa mchana kwa wengine usizidi dakika ishirini au thelathini.

Kuna anayelala saa nane na bado anaamka kichwa kizito, usingizi wake ni wa mang’amung’amu. Muulize anayelala naye chumba kimoja: je, anakoroma kwa nguvu, anakata pumzi, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa? Huo ni ugonjwa wa kukosa hewa usingizini, unatibika, na unafaa kupelekwa kwa daktari. Anayeamka kukojoa mara tatu au nne kila usiku naye apime sukari, na kama ni mzee wa kiume, aangaliwe tezi dume.

Deni la wiki nzima haliishi kwa usiku mmoja. Jipe siku kumi au kumi na nne za kulala kwa saa zilezile kabla hujasema kwamba usingizi haukusaidia.

Hatua ya tatu: vumbi na macho

Hapa ndipo Dodoma inapojitofautisha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata nusu ya mvua za maeneo mengi ya milimani. Baada ya hapo ni ukame. Upepo wa kuanzia Juni unaobeba vumbi jekundu unazidi Agosti na Septemba, na mtu anayetoka Ihumwa kwa bodaboda anafika mjini nyusi zimebadilika rangi. Vumbi likiingia jichoni, jicho linawasha. Likiwasha unalifikicha. Ukilifikicha kila siku, ngozi ya kope inawiva, inakuwa nene, inakuwa nyeusi. Nimewaona watu wenye weusi wa macho ambao tatizo lao ni mkono wao.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuzuia mkono. Jicho likiwasha, chukua kitambaa safi cha pamba (kipande cha kanga iliyozeeka hakina mpinzani kwa ulaini), kichovye kwenye maji safi ya baridi, ukamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano. Wekundu na muwasho vinashuka. Ukifika nyumbani kutoka njiani, nawa mikono kwanza, kisha uso, ukifuta matongotongo kuanzia puani kwenda nje. Kila mtu na taulo yake.

Hilo la taulo si usafi wa kujionyesha. Huku katikati ya nchi tumeishi muda mrefu na trakoma, ambao wengi wanauita ugonjwa wa vikope, na unaenezwa na mikono, vitambaa vya pamoja na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu za watoto. Kongwa ni mojawapo ya mahali duniani ambapo ugonjwa huu umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi, na utafiti uliofanywa kwenye vijiji vyake na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuhimiza watoto wanawishwe uso, pamoja na dawa, kulipunguza trakoma kali. Maji kidogo na uso safi, pamoja na dawa, ndiyo tiba iliyojaribiwa hapa hapa kwetu. Kope zinazogeukia ndani na nywele kuchoma jicho zinataka upasuaji mdogo, usisubiri.

Ukiendesha pikipiki, shusha kioo cha helmeti hata mwendo ukiwa mfupi. Abiria avae miwani. Nyumbani nyunyiza maji sakafuni na uani kabla ya kufagia, kama mabibi zetu walivyofanya. Foronya ifuliwe kila wiki wakati wa upepo, maana vumbi unalolifuta mchana unalilalia usiku.

Kuhusu matone ya macho, kuwa mwangalifu sana. Matone ya kuondoa wekundu haraka hubana mishipa kwa saa chache, na ukiyazoea wekundu unarudi mkali zaidi. Matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) ni hatari zaidi: yakitumiwa kiholela yanaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta upofu au mtoto wa jicho. Usiyanunue kwa kuelekezwa na jirani. Wala usitie jichoni maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani. Kwa jicho kavu omba machozi ya bandia, kwa muwasho wa aleji omba dawa ya aleji kwa mfamasia au daktari wa macho.

Anayefanya kazi kwenye kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na hewa yetu kavu inamalizia. Kila baada ya dakika ishirini tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde ishirini, huku ukipepesa. Na kama umefika miaka arobaini na unakunja uso kusoma ujumbe, unahitaji miwani ya kusomea. Kukunja uso mchana kutwa kunachosha misuli na kunachonga mistari katikati ya nyusi.

Hatua ya nne: ngozi iliyopauka

Waliohamia kutoka Pwani wanalijua hili kwa uchungu. Losheni iliyokuwa inatosha Dar es Salaam, hapa saa nne asubuhi ngozi imeshapauka, midomo imepasuka, visigino vinakwaruza shuka. Kule hewa ina unyevu. Hapa, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na miezi mingi bila mvua, hewa inanyonya maji kwenye ngozi. Ngozi kavu hairudishi mwanga vizuri, inaonekana ya kijivu, na kila mstari mdogo unajitokeza. Mtu akikutazama anasema umechoka.

Fanya hivi kwa mpangilio. Oga kwa maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, hata asubuhi za Julai ambapo baridi inauma. Usioshe uso kwa sabuni ya mche ya kufulia. Inaondoa mafuta yote ya asili. Maeneo mengi maji ya visima ni ya chumvi na sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe. Hapo suuza uso mara ya mwisho kwa kata moja ya maji laini, ya mvua au ya kunywa. Futa kwa kugusagusa, ngozi ibaki na umajimaji. Ndani ya dakika tatu paka glisirini iliyochanganywa na maji, au losheni yako. Halafu, na hiki ndicho wengi wanachokiruka, funga kwa tabaka jembamba la mafuta ya mgando. Glisirini inashika maji, mafuta ya mgando yanazuia yasitoke. Moja bila jingine haitoshi kwa hewa hii. Mwenye chunusi apake mgando sehemu zinazokauka tu, mashavuni na chini ya macho, aache paji la uso. Mafuta ya alizeti yanafaa pia mwilini, na sisi na jirani zetu wa Singida hatuna shida ya kuyapata.

Midomo ipakwe kabla ya kutoka na kabla ya kulala. Usiirambe, mate yanazidisha kuikausha.

Jua nalo linahesabika. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa, lakini madoa meusi ya mashavuni na weusi chini ya macho huzidi kwa jua. Kofia pana au mwavuli, na losheni ya kukinga jua yenye kipimo (SPF) cha 30 au zaidi kwa anayeshinda nje. Bila kinga hiyo, hata dawa nzuri ya madoa hujaza maji kwenye pakacha.

Hatua ya tano: damu

Alikuja kwangu binti mmoja, harusi yake ikiwa miezi miwili mbele. Alitaka kuhakikishiwa kwamba siku yenyewe macho yake hayataonekana yameingia ndani. Nikamweka dirishani. Ngozi yake ilikuwa imefifia namna ambayo poda haifichi, na ndani ya kope ya chini, mahali panapopaswa kuwa pekundu, palikuwa peupe karibu kama kiganja. Alipofungua pochi kutoa simu nikaona kifuko cha udongo, ule unaouzwa sokoni na kuliwa na wajawazito. Hakuwa mjamzito. Nikamwuliza taratibu, akasema anautamani tu, kila siku, na akipanda ngazi moyo unamdunda.

Nilimwambia sitamjaribia vipodozi siku ile, aende kwanza kupima wingi wa damu. Kipimo kilisoma 8.4 (gramu kwa desilita moja ya damu). Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. Alipewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, na daktari akamwuliza kuhusu hedhi yake, ambayo ilikuwa nzito kwa miaka yote na yeye alidhani ni kawaida. Siku ya harusi konsila (krimu ya kuficha weusi) niliyotumia ilikuwa kidogo, na hamu ya udongo ilikuwa imemtoka yenyewe.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu wako wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Tunawaambia wamechoka, na kweli wamechoka.

Vuta kope, tazama. Tazama pia viganja na kucha. Jicho la mtu linaweza kukosea, kwa hiyo ukiona weupe, au ukitamani udongo, barafu au mchele mbichi, nenda zahanati upime. Usinywe vidonge bila kupima, kwa sababu chanzo chaweza kuwa safura, hedhi, uvimbe kwenye kizazi, malaria, au kidonda kinachovuja damu tumboni. Mwanaume mwenye upungufu wa damu hasa asikubali kupewa vidonge na kuruhusiwa bila kutafutiwa chanzo. Vidonge vinageuza choo kuwa cheusi na vinaweza kufunga tumbo, hiyo ni kawaida. Endelea kwa miezi uliyoelekezwa, hata uso ukirudi mapema.

Kwenye sahani: nyama, maini, dagaa, maharage, mboga za majani, na ugali wa uwele, ambao una madini chuma kuliko sembe iliyokobolewa. Ongeza kitu chenye vitamini C kwenye mlo huohuo, ndimu, chungwa, nyanya, au juisi ya ubuyu ambayo hapa ni chakula cha nyumbani. Na chai ya rangi isiandamane na chakula. Inafunga madini chuma yasiingie mwilini. Inywe saa moja baadaye. Mabadiliko haya hayana gharama kabisa, na ni vigumu kuliko yanavyosikika, kwa sababu mezani kwetu chai na chakula vimekuwa ndugu.

Uvimbe wa asubuhi

Uso unaovimba asubuhi na kushuka ifikapo saa nne mara nyingi ni chumvi, pombe, kulia, au kulala kifudifudi. Chumvi ile ya pembeni ya nyama choma uipunguze usiku. Ongeza mto mmoja ili kichwa kiinuke.

Kisha tumia mtungi. Weka vijiko viwili vidogo, vile vya kukorogea chai, ndani ya kikombe cha maji ya mtungi usiku. Mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji yanavuja polepole kwenye ngozi yake na kukauka, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo unavyopoza zaidi. Ukame uleule unaotupausha unatupa maji baridi bila umeme. Asubuhi fumba macho, weka mgongo wa kijiko chini ya kila jicho, uvichovye tena vikipata joto, dakika tano. Mishipa inasinyaa, uvimbe unashuka. Haudumu siku nzima, ila unafika kazini ukiwa na uso wako.

Uvimbe usioshuka, ukiwa pamoja na miguu kuvimba au mkojo wenye povu, yaweza kuwa habari ya figo. Hapo vijiko havihusiki.

Usichopaka

Mkorogo. Najua lugha inayotumika kuuza: kung’arisha, kutakatisha, kurudisha nuru. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi zisizo na usimamizi huonyesha matokeo mazuri wiki za kwanza, na hapo ndipo zinapomnasa mtu. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinalipuka, na kuzunguka macho panabaki weusi wa rangi ya majivu ambao ni mgumu kuliko ule wa mwanzo. Zebaki inaharibu figo. Niliwahi kuuziwa kopo lisilo na maandishi ya viambato, nikaambiwa ni la matunda. Mteja niliyempaka alivimba kope kwa siku nne. Tangu hapo kopo lisiloandikwa halivuki mlango wangu. Kama umeshatumia kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako, ngozi inaweza kuwaka. Mwone daktari wa ngozi akuongoze.

Limao na dawa ya meno chini ya macho ni vivyo hivyo. Vinachoma.

Asubuhi ya shughuli

Una harusi, usaili, au picha ya pasipoti, na usiku haukuwa mzuri. Una dakika ishirini. Vijiko dakika tano. Nawa, losheni, mgando kidogo chini ya macho, subiri dakika tano vizame, maana konsila juu ya ngozi kavu hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwa weusi wa rangi ya ngozi, paka kwanza kidogo sana rangi ya machungwa iliyokolea, kisha konsila ya rangi ya ngozi yako halisi. Wengi wanachukua iliyo nyeupe zaidi, na jicho linageuka la kijivu. Kwa bonde la kivuli, weka nukta ndogo kwenye mstari wa kivuli tu. Wanja weka juu, chini pumzisha, kwa sababu wanja wa chini huyeyuka na kuongeza weusi uleule unaoukimbia. Chana nyusi, midomo iwe na unyevu. Mwanaume anyoe au apunguze ndevu za shingoni na apake losheni. Hilo peke yake linatosha kwa wengi. Nguo ya rangi iliyochangamka karibu na uso inasaidia kuliko kijivu.

Wakati wa kwenda hospitali

Kope moja ikishuka ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakawa mazito, hicho chaweza kuwa kiharusi: nenda sasa hivi. Kope zinazoshuka kadiri siku inavyokwenda na kuona vitu viwili viwili, umanjano machoni, uvimbe shingoni pamoja na kuhisi baridi isiyo ya kawaida, kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku, kiu na mkojo mwingi, kupungua uzito bila sababu. Yote hayo yaanze kituo cha afya kilicho karibu, na wao watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa ikihitajika.

Na kuna uso ambao umebeba mawazo. Umelala, damu iko sawa, ngozi imepakwa, na bado macho hayana mtu ndani. Kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, unaamka alfajiri na kushindwa kurudi usingizini, chakula hakina ladha, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa mjini kwetu, na jina lake lisikutishe kwa maneno ya mtaani. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu leo, usilale nalo.

Rudi dirishani

Usianze hatua zote Jumatatu moja. Wiki ya kwanza usingizi na kuuzuia mkono. Wiki ya pili ngozi na chai ya baada ya mlo. Kupima damu kufanyike mapema, hakusubiri zamu. Baada ya wiki sita kaa dirisha lilelile, saa ileile, upige picha nyingine na kuzilinganisha, ukianzia ndani ya kope ya chini.